Maumivu Baada ya Upasuaji wa Kujifungua: Kwa Nini Opioidi Ziwe za Mwisho Kuitwa

Saa tisa usiku, wodi ya wazazi imetulia. Mama aliyefanyiwa upasuaji jioni anataka kugeuka ubavu wa pili amfikie mtoto wake. Anashika ukingo wa kitanda, anakaza tumbo, na papo hapo mshono unamjulisha kwamba ganzi imekwisha. Anaita. Muuguzi anakuja, anafungua faili, anakuta mistari miwili: parasetamoli, apewe akihitaji, tramadoli, apewe akihitaji. Tangu atoke chumba cha upasuaji saa tatu usiku hajapewa hata kidonge kimoja, kwa sababu hakuomba. Na hakuomba kwa sababu alikuwa bado na ganzi: miguu mizito, tumbo halimuumi, usingizi ukamchukua. Sasa maumivu yamepanda, parasetamoli inaonekana kama kikombe cha maji mbele ya nyumba inayoungua, na mkono wa muuguzi unakwenda moja kwa moja kwenye tramadoli, dawa ya jamii ya afyuni.

Nimeanza na kitanda hicho kwa sababu wengi wakisikia kwamba hospitali zinapunguza dawa za jamii ya afyuni kwa kina mama waliojifungua kwa upasuaji, wanachoelewa ni kwamba mama ataambiwa avumilie. Wengine wanakasirika, na wana haki ya kukasirika kama ndivyo ingekuwa. Lakini rudi kwenye faili lile. Kilichompeleka mama huyu kwenye tramadoli ni saa sita zilizopita bila dawa nyepesi yoyote mwilini. Maumivu yaliachwa yakue, kisha ikatafutwa rungu la kuyapiga.

Dawa za jamii ya afyuni, au opioidi, ni ukoo mkubwa. Mofini na kodeini hutoka kwenye utomvu wa mmea wa afyuni wenyewe. Oksikodoni hutengenezwa kutokana na kemikali za mmea huo. Pethidini, fentanili na tramadoli hutengenezwa maabara kuanzia mwanzo. Zote hufanya kazi kwa kushika vipokezi fulani kwenye ubongo na uti wa mgongo, na vikishikwa, taarifa ya maumivu hufifia. Shida ni kwamba vipokezi hivyo haviko kwenye njia ya maumivu tu. Viko kwenye utumbo, ndiyo maana choo hufunga. Viko kwenye sehemu ya ubongo inayoongoza pumzi, ndiyo maana dozi kubwa hupunguza kupumua. Viko pia kwenye mfumo unaoleta raha, na huko ndiko uraibu unakoanzia. Ongeza kichefuchefu, kuwashwa na usingizi mzito, na hesabu inakuwa ndefu.

Kwa mtu aliyevunjika mguu, usingizi mzito si tatizo kubwa, alale. Mama aliyetoka kupasuliwa ni mgonjwa wa namna ya peke yake. Sijui mgonjwa mwingine ambaye saa chache baada ya kushonwa tumbo anakabidhiwa binadamu mwingine na kuambiwa amlishe usiku kucha. Anahitaji macho. Anahitaji kuinuka na kutembea mapema, kwa sababu ujauzito huifanya damu yake iwe rahisi kuganda na kulala tu kunaongeza hatari ya bonge la damu miguuni au mapafuni. Anahitaji utumbo uamke. Na kila anachomeza, sehemu yake, hata kama ni ndogo sana, inaweza kufika kwenye maziwa.

Halafu kuna ukubwa wa jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani lilitoa takwimu mwaka 2021 zikionyesha kwamba zaidi ya mtoto 1 kati ya 5 duniani huzaliwa kwa upasuaji, na kwamba ifikapo 2030 watakuwa karibu asilimia 29. Kwa upasuaji mwingi namna hii, jambo linaloonekana dogo kitandani huwa kubwa likizidishwa. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016 uliwafuatilia wanawake zaidi ya 80,000 ambao hawakuwa wakitumia opioidi kabla ya upasuaji wa kujifungua. Karibu 1 kati ya 300 aliendelea kuzitumia kwa muda mrefu baadaye. Katika wodi moja hutamwona mtu huyo. Katika nchi inayofanya upasuaji wa kujifungua zaidi ya milioni moja kila mwaka, ni maelfu ya wanawake, na wote walianza na cheti halali cha daktari.

Upande wa pili wa shilingi usisahaulike. Maumivu yasiyotulizwa nayo yana madhara yake. Utafiti wa mwaka 2008 ulikuta kwamba wanawake waliopata maumivu makali mara baada ya kujifungua walikuwa na uwezekano wa mara tatu zaidi wa kuwa na sonona wiki nane baadaye, na mara mbili na nusu zaidi wa kuwa bado wanaumwa. Huo ni uhusiano tu, hauthibitishi kwamba moja lilisababisha jingine, lakini unatosha kumnyima usingizi daktari anayefikiri kwamba kupunguza dawa ni kufuta mstari kwenye faili. Na zipo sehemu nyingi za dunia ambako tatizo ni kukosa mofini kabisa: mwaka 2017 kamisheni ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za opioidi zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Kwa hiyo anayesema "tupunguze" lazima aseme tunapunguza wapi, na tunaweka nini mahali pake.

Maumivu matatu, si moja

Mama anasema "tumbo linauma", na ni kweli, lakini ndani ya neno hilo mna maumivu zaidi ya moja.

La kwanza ni la mshono: ngozi na utando uliokatwa, na misuli iliyotenganishwa. Ni kali, linachoma, unaweza kulionyesha kwa kidole, na huzidi unapokohoa, kucheka au kuinuka. La pili hutoka kwenye mji wa mimba unaojikunja kurudi ukubwa wake. Hili ni la kubana, linakuja na kuondoka kama uchungu mdogo, na huongezeka mtoto anaponyonya kwa sababu kunyonyesha humwaga homoni ya oksitosini. Waliozaa mara kadhaa wanalijua vizuri. Kwa kawaida huwa kali zaidi kwao kuliko kwa mzazi wa kwanza. La tatu halitajwi sana ila wodini linasumbua kweli: tumbo kujaa gesi, na wakati mwingine maumivu ya bega, kwa sababu hewa au damu iliyobaki tumboni husumbua kiwambo cha pumzi.

Ukishatenganisha hayo, unaelewa kwa nini dawa moja yenye nguvu si jibu. Maumivu ya mji wa mimba yanaendeshwa kwa sehemu kubwa na kemikali ziitwazo prostaglandini. Ibuprofeni na diklofenaki huzuia utengenezaji wake. Yaani dawa ambayo watu huiona ya kawaida, ya kichwa na meno, inagonga palepale penye chanzo. Ama gesi, opioidi inaizidisha, kwa sababu inaulaza utumbo ambao tayari umesinzia. Nimewahi kumsikiliza mama mmoja aliyeongezewa dawa ya maumivu mara tatu kwa ajili ya tumbo lililojaa upepo. Kila dozi ilimpa saa mbili za nafuu na siku moja zaidi ya kufura. Kilichomtibu mwishowe ni kuzunguka korido.

Saa ya ukutani

Wasomaji wa eneo letu wanaifahamu dawa mseto kwa malaria: dawa mbili zinazoshambulia kwa njia tofauti hufanya kazi kuliko moja. Tiba ya maumivu baada ya upasuaji imefikia hapohapo. Parasetamoli hufanya kazi zaidi kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ibuprofeni au diklofenaki hufanya kazi palipojeruhiwa. Zikitolewa pamoja hutuliza zaidi ya kila moja ikitolewa peke yake, na hazigongani.

Lakini sehemu muhimu kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, ni maneno mawili yaliyo kwenye lile faili: "apewe akihitaji". Kwa parasetamoli na ibuprofeni yafutwe. Zitolewe kwa saa, aombe asiombe, aumwe asiumwe, kwa siku mbili tatu za mwanzo.

Chukua mama yuleyule. Upasuaji umeisha saa tatu usiku. Kabla ganzi haijaisha, anapewa parasetamoli gramu 1 na ibuprofeni miligramu 400. Kisha saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri, na mzunguko unarudi. Saa tatu na saa tisa, usiku na mchana. Kwa siku nzima hiyo ni gramu 4 za parasetamoli, kiwango ambacho mtu mzima hapaswi kukivuka (mwenye uzito chini ya kilo 50 hupunguziwa), na miligramu 1,600 za ibuprofeni. Pale alipotaka kugeuka saa tisa usiku, dozi ya kwanza ingekuwa imefanya kazi na ya pili ingekuwa inafika. Mshono ungeuma bado, nisidanganye. Ungeuma kiasi cha mtu kukunja uso, akashika mto tumboni, akageuka.

Zipo wodi zinazopenda kuzipishanisha: parasetamoli sasa, ibuprofeni baada ya saa tatu, ili kila wakati kuwe na kitu kinachoingia. Kwenye karatasi inapendeza. Kitandani inamaanisha mama anaamshwa kila baada ya saa tatu kumeza kidonge, juu ya kuamshwa na mtoto, juu ya kupimwa presha. Mimi niko upande wa kuzitoa pamoja. Usingizi nao ni dawa ya maumivu, na mtu ambaye hajalala huumwa zaidi kwa jeraha lilelile.

Ibuprofeni na ndugu zake si za kila mtu. Mwenye figo zilizoathirika, aliyetokwa na damu nyingi na bado hajatulia, mwenye vidonda vya tumbo, au mwenye pumu inayochochewa na dawa hizo, huyo apangiwe vingine. Presha ya mimba peke yake zamani ilikuwa sababu ya kuzizuia. Siku hizi wataalamu wengi hawaioni hivyo, mradi figo na chembe sahani za damu (zinazosaidia damu kuganda) ziko sawa. Kwa anayenyonyesha, ibuprofeni ni miongoni mwa dawa zinazopita kidogo mno kwenye maziwa.

Kuna kikwazo kingine kinachojificha kwenye maboksi ya dawa: vidonge vilivyochanganywa kiwandani, parasetamoli na kodeini ndani ya kidonge kimoja. Vinaonekana rahisi. Tatizo ni kwamba anayetaka parasetamoli lazima ameze opioidi, na anayeacha opioidi lazima aache parasetamoli. Huwezi tena kuitoa moja kwa saa na nyingine kwa hitaji. Mbaya zaidi, mama anakuwa anameza hivyo pamoja na parasetamoli ya kawaida aliyonunua mwenyewe, bila kujua kwamba anakunywa dawa moja mara mbili, na ini halijali jina lililo kwenye boksi. Baadhi ya hospitali zilizofanikiwa kupunguza opioidi zilianza na kitu kisicho na fahari yoyote: kuvitenganisha vidonge hivi.

Mofini kidogo, mahali panapofaa

Sasa tunafika kwenye kitendawili. Njia mojawapo bora ya kupunguza opioidi baada ya upasuaji wa kujifungua ni kutoa opioidi.

Upasuaji mwingi wa kujifungua hufanyika kwa sindano ya mgongo, si kwa nusu kaputi. Mtaalamu wa usingizi anapochoma ile sindano, dawa ya ganzi huingia kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, na ganzi hiyo hudumu saa mbili hadi nne hivi. Akichanganya humo mofini mikrogramu 100 hadi 150, mama hupata utulivu wa saa 12 hadi 24 baada ya ganzi kuisha. Tazama kipimo hicho. Mikrogramu 100 ni sehemu moja ya kumi ya miligramu. Sindano ya kawaida ya mofini ya kuchoma kwenye msuli ni miligramu 10 hivi, yaani mara mia. Tone lile dogo linafanya kazi kubwa kwa sababu limewekwa mlangoni kabisa, pale taarifa za maumivu zinapoingia kwenye uti wa mgongo kuelekea ubongoni. Halikuzunguka mwili mzima kutafuta njia.

Kwa nini mofini na si fentanili, ambayo ina nguvu zaidi? Kwa sababu ya mafuta na maji. Fentanili huyeyuka kwenye mafuta, basi hupenya upesi kwenye tishu na kuondoka upesi. Huwahi kuanza na huwahi kuisha. Mofini hupendelea maji, hukaa kwenye yale maji ya uti wa mgongo, hukawia kuanza lakini hukawia kuisha. Ndiyo maana wataalamu wengi wa usingizi huweka zote mbili: moja ya wakati wa upasuaji, nyingine ya usiku.

Kinacholipwa ni kuwashwa. Wengi huwashwa, hasa usoni na puani, wengine hutapika, na baadhi hushindwa kukojoa vizuri kwa muda. Kuwashwa huko si mzio, ingawa mara nyingi huandikwa hivyo kwenye faili, na maandishi hayo humfuata mama hadi upasuaji unaofuata. Tatizo kubwa, pumzi kupungua saa kadhaa baadaye, ni adimu sana kwa dozi hizi kwa mama mwenye afya, lakini kwa sababu linaweza kutokea, lazima kuwe na mtu wa kumhesabia pumzi na kuangalia kama anaamka akiguswa, na dawa ya kuzima mofini, naloksoni, iwe karibu. Mwenye uzito mkubwa sana au anayekosa pumzi usingizini huangaliwa zaidi. Na mofini inayoingia mgongoni lazima iwe ile isiyo na kemikali za kuhifadhia. Chupa yoyote ya mofini haifai. Mahali ambapo hayo hayapo, ni bora kusema hayapo na kutumia njia nyingine.

Njia nyingine ni ganzi ya pembeni. Mtaalamu, akiongozwa na picha ya mashine ya mawimbi ya sauti, hupitisha sindano kati ya tabaka za misuli ya tumbo na kuiganzisha mishipa ya fahamu inayohudumia ukuta wa tumbo. Au mpasuaji mwenyewe huchoma ganzi kwenye kingo za jeraha kabla ya kufunga. Hii ni msaada mkubwa kwa aliyepasuliwa kwa nusu kaputi au ambaye hakuwekewa mofini mgongoni. Kwa aliyewekewa, haiongezi mengi, na haigusi kabisa maumivu ya mji wa mimba.

Mwongozo wa kundi la wataalamu liitwalo PROSPECT uliochapishwa mwaka 2021 umeweka mambo haya kwa mpangilio huo: mofini mgongoni, parasetamoli na dawa ya kundi la ibuprofeni kuanzia chumba cha upasuaji, dozi moja ya deksamethasoni mtoto akishatoka (inapunguza kutapika na inasaidia maumivu, ila mwenye kisukari aangaliwe sukari), kisha parasetamoli na ile ya kundi la ibuprofeni kwa saa. Opioidi ya kumeza imebaki kwa yale yanayopenya licha ya hayo yote. Mwongozo haukumwacha nje mpasuaji: namna ya kupasua iitwayo Joel-Cohen, inayopanua tishu kwa vidole badala ya kuzikata zote, na kutoshona utando wa ndani ya tumbo, vyote huacha maumivu machache. Pamoja na mkanda wa kufunga tumboni.

Swali linaloulizwa kitandani

"Kutoka sifuri hadi kumi, unaumwa kiasi gani?" Swali hili limeleta vidonge vingi kuliko maradhi. Mama mmoja anasema nane huku akiongea na simu, mwingine anasema nne na hawezi kugeuka. Namba ikipita kiwango fulani, kanuni inasema opioidi itolewe, basi inatolewa.

Maswali yenye maana ni mengine. Unaweza kukohoa? Unaweza kukaa na kumshika mtoto? Umefika chooni mwenyewe? Anayeweza hayo na bado anaumwa anahitaji kusikilizwa, kuambiwa dozi inayofuata ni saa ngapi, na pengine kufundishwa kuinuka. Namna ya kuinuka yenyewe ni ufundi: geuka ubavu kwanza, magoti yakiwa yamekunjwa, teremsha miguu, sukuma kwa mkono wa juu hadi ukae. Usijaribu kuinuka moja kwa moja ukiwa chali kama ulivyozoea, misuli ya tumbo iliyojeruhiwa ndiyo itakayobeba. Ukitaka kukohoa, kandamiza mto juu ya mshono. Anayeshindwa hayo baada ya dawa zake za saa, huyo ndiye opioidi inamhusu: dozi ndogo, ya muda mfupi, kwa kidonge kuliko sindano akiwa anaweza kumeza.

Hospitali za mfumo wa Kaiser Permanente kaskazini mwa California zilipobadili utaratibu wao kwa njia hii, wanawake ambao hawakuhitaji opioidi yoyote wodini baada ya upasuaji walipanda kutoka takriban 8 kwa kila 100 hadi 21, na waliosema maumivu yao yanavumilika hawakupungua. Mimi huona namba hiyo ina funzo la pande zote. Waliopona bila opioidi waliongezeka zaidi ya mara mbili. Na bado wanawake wanne kati ya watano walihitaji angalau kidogo. Anayetangaza wodi isiyo na opioidi kabisa anawaambia hao wanne wajitegemee.

Nao wapo ambao tangu mwanzo watahitaji zaidi: mwenye maumivu sugu ya zamani, na anayetibiwa uraibu kwa methadoni au buprenofini. Huyu wa pili hasa huonewa. Dawa yake ya kila siku haimtulizi jeraha jipya. Ni ya kumweka sawa tu. Iendelee bila kukatwa, na maumivu ya upasuaji yatibiwe juu yake kwa njia zote zilizotajwa.

Kodeini, tramadoli na maziwa

Kodeini haina nguvu kubwa yenyewe. Ini huibadili kuwa mofini, na uwezo wa ini kufanya hivyo ni wa kurithi. Wapo ambao hawaibadili kabisa, wakimeza ni sawa na kumeza chokaa. Wapo wanaoibadili upesi na kwa wingi, hivyo dozi ya kawaida inakuwa mofini nyingi kwenye damu, na nyingine kwenye maziwa. Tramadoli nayo hupitia njia hiyohiyo ya ini. Hakuna anayejua mama yupi ni yupi bila kipimo cha vinasaba, ambacho wodini hakifanywi. Aprili 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba wanaonyonyesha wasitumie kodeini wala tramadoli. Madaktari wengine wanaona onyo hilo ni kali kupita kiasi kwa dozi chache za siku mbili, hasa mahali ambapo hakuna mbadala. Pethidini ina kasoro yake: mwili huivunja kuwa kemikali inayokaa siku nyingi kwenye damu ya mtoto mchanga na kumlegeza, akakosa hata nguvu ya kunyonya.

Opioidi yoyote ikitumika kwa anayenyonyesha, anayeangaliwa ni mtoto. Kulala sana kuliko kawaida, kunyonya kwa ulegevu, kulegea mwili, pumzi za kusuasua: mojawapo ya hayo ni la kumwahisha hospitali saa hiyohiyo. Na mama mwenyewe akiwa amesinzia kwa dawa, asilale na mtoto kitanda kimoja.

Mfuko wa kwenda nao nyumbani

Siku ya kuruhusiwa, kwa mazoea ya hospitali nyingi za Marekani, mama alipewa pakiti ya opioidi ya ukubwa mmoja kwa wote. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliwauliza waliotoka na pakiti hizo. Kwa kila hesabu peke yake, namba ya katikati ilikuwa vidonge 40 vilivyotolewa, 20 vilivyotumika na 15 vilivyobaki, na wengi hawakuvitupa. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba aliyepewa vingi alimeza vingi, lakini maumivu yake hayakupungua wala hakuridhika zaidi ya aliyepewa vichache. Pakiti yenyewe ilikuwa inapanga dozi.

Mwaka huohuo jaribio jingine lilifanya kitu rahisi. Mama alikalishwa, akaonyeshwa jinsi maumivu yanavyokwenda siku hadi siku baada ya upasuaji, dawa zinavyofanya kazi na madhara yake, kisha akaulizwa: unataka vidonge vingapi, kuanzia sifuri hadi 40? Wengi walichagua 20 hivi. Nusu ya mazoea ilitoweka kwa mazungumzo. Kwa mama ambaye hakuhitaji opioidi saa 24 za mwisho wodini, hakuna sababu ya kumfungia hata kimoja. Anahitaji parasetamoli na ibuprofeni za kutosha wiki moja, na karatasi yenye saa zake. Vikibaki vidonge vya opioidi, virudishwe kwenye duka la dawa linalopokea. Asimpe shoga yake anayeumwa mgongo, na visikae kwenye droo ambayo mtoto mkubwa anaifikia.

Kwa kawaida maumivu hushuka kila siku: siku ya pili ni afadhali ya ile ya kwanza, na kwenye wiki ya kwanza wengi hubaki na maumivu ya kuinuka na kucheka. Yakigeuka na kupanda baada ya kushuka, yakija na homa, mshono ukiwa mwekundu na wa moto au unatoa usaha, damu ya uzazi ikinuka, tumbo likiwa gumu na mama hapitishi hata hewa, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kichwa kikipasuka kila anapokaa na kupoa anapolala, hapo swali la dawa gani linasubiri. Mama huyo afunuliwe tumbo, apimwe joto na mapigo, mshono uangaliwe kwa mwanga wa kutosha, ndipo mtu aguse kabati la dawa.